Siku Thelathini Mtawalia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vidonge vyeupe mia moja nikaambiwa nivihesabu. Ilikuwa katika chumba cha dawa cha hospitali moja mjini Amu, yaani Lamu, chumba chembamba chenye dirisha dogo ambalo wagonjwa walipitishia vyeti vyao. Mkuu wa Dawa, bwana mrefu mtu wa bara, aliniwekea mbele trei ya kuhesabia, yaani sahani bapa yenye mfereji ubavuni, akanipa na kisu butu cha kusukumia vidonge. Tulihesabu vitano vitano. Nilipomaliza alivimimina tena vyote na kuniambia nianze upya. Mara ya tatu nilipopata mia ileile, aliniuliza nitamwambia nini mgonjwa.

Nikamjibu kuwa nitamwambia ameze.

"Ameze vingapi? Lini? Mpaka lini?" akauliza. "Kidonge bila maneno, Rukia, ni kijiwe cheupe tu. Kazi yako hapa ni maneno. Kuhesabu hata kuku anaweza kufundishwa."

Nilikuwa msichana niliyetoka shule juzi, na nilidhani bwana yule ananidharau. Baada ya wiki mbili nilijua kuwa alikuwa akinifundisha. Madaktari walikuwa wakiandika kwa vifupisho: herufi mbili zikimaanisha mara mbili kwa siku, herufi tatu zikimaanisha mara tatu, na nyingine zikimaanisha mgonjwa atumie pale tu anapohisi haja. Sisi wa dirishani ndio tuliozigeuza herufi zile zikawa maneno ya watu. Kwa wasiojua kusoma tulichora kwenye bahasha ya dawa: jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi mwandamo kwa dawa ya kulalia. Bibi mmoja aliwahi kunirudishia bahasha yake akasema mwezi wenyewe haujaandama, basi dawa ataianza lini. Tangu hapo mwezi nikawa nauchora pamoja na kitanda.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa chuoni Mombasa nikapata cheti cha utaalamu wa dawa, na niliporudi nikapangiwa zahanati ya Pate. Pate ya wakati huo ilikuwa mji wa mashamba ya tumbaku na minazi, na wagonjwa wetu wengi walikuja na mikono iliyonukia majani mabichi. Pale mkubwa wangu alikuwa Sista Mkuu, mama mfupi aliyetembea upesi kuliko vijana. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo mpaka leo nawahimiza wanaoingia kazi hii, nalo ni kumrudishia mgonjwa maneno. Ukishamweleza dawa, humwachi aende zake. Unamwomba akueleze wewe, kana kwamba wewe ndiye unayeumwa. Akikosea unajua kosa liko wapi. Sista alisema mgonjwa akiitikia kwa kichwa huwa anakuonea haya tu, na haya haiponyi mtu.

Nilikaa Pate miaka mingi, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume. Kisha nikahamishiwa kituo cha afya upande wa pili wa kisiwa hichohicho cha Pate, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Faza. Sitakitaja jina, maana kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu na sipendi likaambatana na mahali. Mkubwa wetu alikuwa Afisa Tabibu Msimamizi, kijana kwangu kwa umri lakini mtulivu, mtu wa kusikiliza mpaka umalize. Chini yake nilikuwa na chumba changu mwenyewe, rafu zangu, jokofu la chanjo, na kadi za dawa ambazo kila kopo lilikuwa na yake.

Kituo kile ndiko nilikojifunza Kihispania, jambo ambalo ningeambiwa nikiwa msichana ningecheka.

Kila mwaka ulikuja msafara wa matabibu wa macho kutoka Uhispania. Walikaa kwetu siku chache wakipasua mtoto wa jicho, yaani ule ukungu unaoziba mboni ya mtu mzima mpaka akaona kama anatazama kupitia pazia, kisha walihamia Amu kuendelea na kazi hiyohiyo. Walikuja na dawa zao, na karatasi za ndani ya maboksi zilikuwa za Kihispania. Mimi sikuweza kuweka kwenye rafu yangu kitu nisichokielewa. Nikamwendea muuguzi wao, mama wa makamo aitwaye Inmaculada, ambaye watu wa kisiwani walimfupisha wakamwita Bi Inma, nikamwomba anisomee. Akanisomea, akinifasiria kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata alikuja na daftari, na kila jioni baada ya kazi tukakaa barazani, yeye akinipa maneno kumi na mimi nikimpa kumi.

Niliyapenda maneno yale. Gota ni tone, ojo ni jicho, día ni siku. Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa vivumishi vyao, maana vinakaa nyuma ya jina kama vyetu na kulifuata lilivyo. Sisi husema mtu mrefu, watu warefu, kitu kirefu. Nao hubadilisha mkia wa neno kwa dume na jike, kwa moja na wengi. Bi Inma aliniambia wenzake wanaotoka nchi za Kiingereza huteseka sana na jambo hilo. Mimi sikuteseka. Nilijiona nimezaliwa nalo, na nikaanza kujisifu. Mwaka wa tatu nilikuwa nawasalimu madaktari kwa lugha yao mbele ya foleni, na foleni ikiguna kwa kustaajabu. Sifa ile ilinikaa vibaya, nasema sasa, kama kiatu kizuri kisicho cha saizi yako.

Mwaka huo msafara ulikuja siku kumi hivi kabla ya Ramadhani. Siku ya kuwaruhusu wagonjwa wa mwisho, mkalimani wao aliamka na homa, hawezi hata kukaa, na Bi Inma alikuwa ametangulia Amu. Daktari Mkuu wa msafara, mzee mwenye nyusi nyeupe asiyejua Kiingereza cha maana, aliuliza kuna nani wa kumsaidia. Kabla hajamaliza nilikuwa nimesimama.

Walikuwa wagonjwa sita. Wa mwisho alikuwa Bi Mwana Esha wa Faza, mama wa miaka sabini na kitu aliyekuwa akishona kofia za vito, zile kofia nyeupe zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani kwa ugonjwa mwingine. Hilo la kulia lililopasuliwa ndilo pekee alilokuwa nalo. Daktari alimfungua bandeji, akamulika, akatabasamu, akaniambia maneno yaleyale aliyoniambia kwa watano waliotangulia: una gota, cuatro veces al día, treinta días seguidos.

Tone moja, mara nne kwa siku, siku thelathini, na neno lile la mwisho. Seguidos. Sikulijua. Nililisikia mara ya kwanza kwa mgonjwa wa kwanza, nikatazama midomo ya Daktari, nikaona haijakaza kama mtu anayesema jambo kubwa. Kwa mkia wake nilijua ni kivumishi cha siku. Nikajiambia labda ni kama kusema siku nzuri, siku kamili, pambo tu la usemi. Kuuliza kulikuwa kazi ya maneno mawili, na maneno hayo nilikuwa nayo. Lakini pale palikuwa na Afisa Tabibu, wauguzi, jamaa za wagonjwa, na wote walikuwa wakinitazama mimi niliyejifunza Kizungu cha watu wa mbali. Neno nikaliruka. Nikaliruka mara sita.

Bi Mwana Esha nilimwomba anirudishie maneno, kama nilivyofundishwa. Akanirudishia barabara: tone moya, mara nne, siku thalathini. Nikaandika kwenye boksi, nikamfungia vichupa vyake, akaniombea dua ndefu, akaenda.

Msafara ulihamia Amu, Ramadhani ikaingia. Siku ya tisa ya mfungo nilivuka kwenda Amu kuchukua dawa za kituo kwenye bohari, na kwa kuwa ningelala kwa dada yangu, mtaa wa Wiyoni, nikamwalika Bi Inma aje kufuturu nasi, maana walikuwa wamebakiwa na siku mbili waende zao. Alikuja amejitanda shela aliyozawadiwa na wagonjwa. Dada yangu alikuwa amepika viazi vya nazi, mkate wa sinia na sambusa. Tulipokwisha kusali magharibi tukakaa kula, na Bi Inma, ambaye kwa heshima yetu alikuwa hajaonja kitu tangu adhuhuri, akaanza na sambusa. Baada ya muda akashika tumbo, akacheka, akaniambia, "Rukia, cinco sambusas seguidas."

Nikatua kikombe. Mkia ulikuwa umebadilika kwa sababu sambusa kwao ni jike, lakini neno lilikuwa lilelile. Nikamuuliza maana yake nini. Alidhani ni somo letu la kawaida, akapanga sambusa tano mkekani, moja nyuma ya nyingine zikigusana, akapitisha kidole juu yake bila kukiinua. Kisha akachukua moja ya katikati akaila, akaonyesha pengo, akatikisa kichwa: hizi si seguidas tena.

Hapo nikaelewa. Kwa lugha yetu neno hilo lipo, tena zuri. Nililijifunza chuo cha Kurani nikiwa mtoto, maalim wetu akitufundisha fiqihi ya saumu. Alikuwa akisema anayelipa siku alizokula Ramadhani kwa udhuru aweza kulipa moja yeo, nyingine mwezi ujao, hazimlazimu zishikane. Lakini kuna funga ya kafara, miezi miwili mtawalia, na hiyo ukikatiza siku moja pasi na udhuru unarudi mwanzo. Mtawalia. Wengine husema mfululizo. Siku zinazofuatana bila pengo. Hilo ndilo neno nililolirusha kando mara sita, nikidhani ni pambo.

Nikamweleza Bi Inma pale pale, nusu kwa Kihispania, nusu kwa Kiingereza, machozi yakinitoka. Hakunikemea. Aliuliza jambo moja tu, kama wagonjwa wana simu. Dawa ile, alinieleza, ndiyo inayotuliza jicho lililopasuliwa. Ukiikata ghafla, jicho huwaka moto ndani, na lisiposhughulikiwa huweza kufa. Akainuka kumpigia Daktari, nami nikampigia Afisa Tabibu wangu. Nilimwambia yote bila kupunguza.

"Bi Rukia," akasema, "ungeweza kunificha na nisingejua. Sasa piga simu zako. Asubuhi nenda kwa usiyempata, kazi ya kituo niachie mimi."

Watano niliwapata. Wanne walikuwa wakiendelea kila siku kwa sababu watoto wao waliwashikia saa, na mmoja alikuwa amesahau siku moja tu. Aliyebaki alikuwa Bi Mwana Esha. Hakuwa na simu yake, na ya mkwewe haikupatikana.

Asubuhi nilipanda boti ya kwanza ya Faza. Njiani abiria walizungumza bei ya samaki na mambo ya shule, nami nilikaa nikisoma kila dua niijuayo. Nilipofika nilimkuta Bi Mwana Esha ameketi kwenye ukumbi wa nyumba yake, ameelekea ukutani, leso ameivuta juu ya jicho kuzuia mwanga. Kazi yake ya kofia ilikuwa kando, imekunjwa. Nikamshika mkono nikambusu, nikamuuliza hali.

"Jito lanuma, mwanangu," akasema. "Siku tatu hizi. Naliona vizuri, nikaona hata nyufa za dari, sasa ukungu warudi."

Nikamuuliza kuhusu dawa. Akanionyesha vichupa, amevifunga ndani ya kitambaa kisafi, kimoja kimefunguliwa na vingine havijaguswa. Alitia dawa siku tano mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Akaona tone likishuka kooni atalisikia uchungu, na akahofia saumu yake. Basi akaiweka.

"Uliniambia siku thalathini," akasema kwa upole. "Nimetia tano. Zilizosalia n'talipa baada ya Idi, kama alipavyo mtu aliyekula. Hukuniambia kuwa zishikane."

Katika miaka yangu yote ya kazi sikupata kusikia neno lililonikata kama lile, nalo lilisemwa bila lawama yoyote. Mama huyu hakuwa amekosea hata chembe. Alichukua maneno niliyompa akayatumia kwa elimu aliyokuwa nayo, na elimu yake ilikuwa sahihi. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia kuwa Daktari alisema zishikane, na mimi ndiye niliyelificha neno hilo kwa sababu sikulijua na niliona haya kuuliza.

Akanigeuzia uso wake wote, jicho jekundu likichuruzika. Kisha akasema amenisamehe, akauliza kama limekufa. Nikamwambia sijui, lakini Daktari bado yupo Amu na anatungoja.

Kabla hatujatoka nilitaka kumtia tone la kwanza. Akanizuia. Mimi nilijua kuwa kwa madhehebu yetu ya Kishafii tone la jicho halifunguzi, nikamwambia hivyo. Lakini alikuwa amekwisha kuamini maneno yangu mara moja, na sikuweza kumlaumu alipotaka kusikia kwa mwingine. Mkwewe akatumwa kwa khatibu. Alirudi upesi akisema khatibu amejibu vivyo hivyo: jicho si tundu lililo wazi kuingia tumboni, atie dawa na aendelee na saumu yake, na kama safari itamchosha ana ruhusa ya kula. Bi Mwana Esha akasema hatakula. Akainua uso, akafungua jicho kwa vidole vyake mwenyewe, akaniambia nitie.

Tulifika Amu alasiri. Daktari Mkuu alikuwa ameacha kufungasha mizigo na ametandika tena meza yake. Alimkalisha mama kwenye darubini ya macho, ile yenye mwanga mwembamba unaokata jicho kama uzi, akamtazama kwa muda mrefu sana. Mimi nilisimama nyuma na Bi Inma alinishika kiwiko. Alipoinua kichwa alisema jicho limevimba ndani, mboni imeanza kunata, lakini halijafa. Tungechelewa wiki nyingine, lingekuwa jambo jingine. Tone kila saa kwa siku saba muda wote mgonjwa akiwa macho, pamoja na dawa ya kupanua mboni, kisha kurudi kwenye mara nne, thelathini mpya kuanzia leo. Aliponiambia hivyo alisimama kidogo, akasema polepole, akinitazama: seguidos.

"Mtawalia," nikamwambia Bi Mwana Esha. "Siku zishikane, pasiwe na pengo."

"Mtawalia," akarudia yeye.

Kisha Daktari aliniuliza, kwa sauti ya chini, "¿Por qué no preguntaste?" Kwa nini hukuuliza. Nikamwambia niliona haya. Yule mzee akavua miwani yake akaifuta. Alisema yeye pia alisema neno lile mara sita kwa mtu aliyejifunza barazani, na hata mara moja hakuniuliza nimeelewa nini. Akasema hilo ni lake, naye atakwenda nalo kwao. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, na kufokewa kungekuwa kwepesi kuliko huko kugawana mzigo.

Afisa Tabibu alinipa ruhusa ya siku saba. Bi Mwana Esha akakaa kwa dada yangu Wiyoni, na mimi ndimi niliyekuwa saa yake. Kuanzia kabla ya alfajiri hadi alipolala, kila saa ilipogonga niliosha mikono, nikamvuta kope ya chini, nikadondosha tone, nikambonya pembe ya jicho karibu na pua ili dawa isishuke kooni, kama tunavyofundisha siku zote. Katikati ya saa na saa tulizungumza. Alinihadithia kuwa alianza kushona kofia akiwa na miaka minane, na kwamba kofia moja yenye kazi nzuri humchukua miezi. Mimi nilimsomea Kurani, maana yeye hakuweza kusoma kwa siku zile. Siku ya nne aliniambia ameona mstari wa mfumo kwenye mkeka. Siku ya sita alinisahihisha, akisema nimeruka aya, akaonyesha kwa kidole mahali penyewe.

Siku ya kwanza, kabla msafara haujaondoka, nilikuwa nimemtengenezea karatasi ya kurudi nayo Faza. Nilichora duara thelathini kwenye mstari mmoja, nikazipitishia uzi katikati kama shanga, nikaandika juu yake mtawalia. Bi Inma kabla ya kuondoka aliandika chini yake neno lao. Nilimwambia Bi Mwana Esha atie alama kila siku ikiisha, na uzi usikatike. Kalamu hakuwa nayo. Alitoboa kila duara kwa sindano yake ya kofia. Aliporudi kwao, kila nilipotoka kazini nilikwenda kwa pikipiki kuitazama karatasi ile, nikiinua kwenye mwanga kuhesabu vitundu. Idi ilipita, na siku ya thelathini iliangukia ndani ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Daktari wa macho wa Amu alimpima akasema jicho ni jeupe na shwari. Bi Mwana Esha akarudi kwenye kofia zake, na alishona miaka mingine mingi, Mungu amrehemu, mpaka alipofariki kwa uzee wake, jicho lake likiona.

Msafara ulirudi mwaka uliofuata, na karatasi ya shanga ikawa inatolewa kwa kila mgonjwa wa upasuaji. Mimi niliendelea kukalimani, maana Afisa Tabibu alikataa niache. Alisema mtu aliyewahi kuliruka neno ndiye atakayeyachunga yaliyobaki. Masomo ya barazani nayo yaliendelea, ila Bi Inma akiniambia neno nisilolijua mbele za watu, nilimsimamisha hata kama foleni imefika langoni. Mara nyingine lilikuwa pambo kweli, na watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini. Walinifanyia sherehe ndogo ya chai na mahamri, Afisa Tabibu akazungumza, nikakabidhi funguo za jokofu na kadi zangu za dawa. Sasa naishi Wiyoni karibu na dada yangu. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka, lakini zaidi nawakumbuka watu walionivumilia nikiwa najifunza, maana mtaalamu wa dawa hujifunzia kwenye miili ya wengine, na wengi wao hawapati kujua. Mimi nilibahatika kupata mmoja aliyejua, na akanisamehe ukumbini kwake hata kabla hajajua kama ataona tena. Simjui mtu mwenye deni la shukrani kubwa kama langu.

Mwezi uliopita mimi mwenyewe niliandikiwa dawa ya presha. Nikapanga foleni dirishani kama watu wote, na aliyekuwa ndani ni msichana mgeni, koti lake bado lina mikunjo ya dukani. Akanieleza vizuri: kidonge kimoja, kila asubuhi, usiache hata ukijisikia mzima. Nikamrudishia maneno yake. Kisha nikamuuliza nikisahau siku moja, kesho yake nimeze viwili au niendelee na kimoja. Jibu nilikuwa nalo tangu kabla yeye hajazaliwa, lakini sasa nilikuwa mgonjwa, na nilitaka kusikia kwake.

Alitazama foleni juu ya bega langu. Nyuma yangu palikuwa na watu zaidi ya ishirini, na bwana mmoja alikuwa ameanza kugonga cheti chake ukutani.

"Sijui, bibi," akasema. "Ngoja nikaulize."

Akaacha dirisha wazi akaingia ndani. Foleni ikanung'unika, na bwana yule akasema wasichana wa siku hizi hawakusoma. Mimi nilisimama palepale nikashikilia kizingiti cha dirisha, nikamwombea binti wa watu dua moja baada ya nyingine mpaka aliporudi.